Pampu ya Kijiji na Fundi Aliye Mbali

Mnamo mwaka 1914 meli nzima ilipita Dodoma kwa treni. Ilikuwa imeundwa mwaka mmoja kabla yake katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa tena kipande kwa kipande, na vipande hivyo vikatiwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yaliteremshwa Dar es Salaam, yakapakiwa katika mabehewa ya Reli ya Kati, yakapanda uwanda wa juu kupitia Dodoma na Tabora, yakashuka hadi Ziwa Tanganyika. Huko Kigoma mafundi watatu wa Kijerumani na kundi kubwa la vibarua wa Kiafrika waliiunga upya, na mwaka 1915 ikaelea ziwani kwa jina la Graf von Goetzen. Leo wananchi wanaijua kwa jina la Liemba.

Mwezi Julai 1916, majeshi ya Ujerumani yaliporudi nyuma, meli hiyo ilizamishwa na wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha mafundi wale walizipaka injini zake grisi nzito. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza waliiopoa mara ya pili mwaka 1924, wakaona kwamba injini na maboila yake yangali yanafaa kwa kazi. Mwaka 1927 ilianza tena safari zake, na injini zile za mvuke zikaendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, zilipoondolewa na kutiwa za dizeli.

Habari hizi kwa kawaida husimuliwa kama kioja, na hapana haja ya kusahau kwamba meli yenyewe ililetwa kwa ajili ya vita vya mabeberu. Lakini kwa mtumishi wa umma aliyeko Dodoma, mbali na ziwa na mbali na bahari, limo ndani yake jambo moja linalomhusu kila anapotia saini hati ya kununua mashine. Waliounda meli ile walijua kwamba ingefanya kazi mahali ambapo karakana kubwa iko umbali wa safari ya majuma mengi. Wakaipa mashine yenye sehemu chache, nene, zinazoonekana kwa macho na kufikiwa kwa mkono. Hadi leo watu wanaosafiri na maboti ya injini katika bahari kuu wanabishana juu ya jambo hilohilo. Wako wanaotaka kila chombo cha kisasa kiwemo, na wako wanaosema kwamba chochote ambacho baharia hawezi kukitengeneza mwenyewe usiku, katikati ya mawimbi, kisipakiwe kabisa.

Kijiji cha uwanda wa kati kimo katika hali ya boti hiyo. Maji hayakizunguki, bali ndiyo kinayoyakosa, lakini kuhusu umbali wa fundi na umbali wa vipuri hapana tofauti kubwa. Pampu ya kijiji ikifa mwezi wa Oktoba, kijiji hakiwezi kuegesha pembeni na kusubiri.

Reli hiyohiyo iliyopitisha meli ilileta pia ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ikitafuta mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mpango wa karanga, na Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Lengo lilikuwa kulima eka zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa yake ikiwa Tanganyika. Matrekta yaliletwa kutoka katika mabaki ya zana za vita. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Hakuna shaka kwamba kwa wakati ule hizo zilikuwa nguvu kubwa mno kupata kuonekana katika mashamba ya Afrika Mashariki. Udongo wa Kongwa, uliochanganyika na mchanga mkali, ulikula chuma cha majembe. Kiangazi kilipoingia ukakauka ukawa mgumu kama sakafu. Mwaka wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta yalikuwa yamelala, mafundi hawatoshi, vipuri havijafika. Mvua nayo haikuja kwa kipimo kilichoandikwa katika mpango. Wenyeji, ambao walijua tabia ya mvua za nchi yao, hawakuwa miongoni mwa waliopanga. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na fedha zilizopotea zilikadiriwa kuwa pauni milioni 36.

Yako mengi yaliyouangusha mpango wa Kongwa, na si haki kuitwika mashine lawama yote. Hata hivyo, mtu akilinganisha meli ya Kigoma na matrekta ya Kongwa, ataona kwamba vyote vilikuwa vitu vya kisasa vya zama zake, na vyote vilitoka mbali. Tofauti ilikuwa katika kile kilichofikiriwa kabla ya safari. Meli ilipewa watu wa kuiunga na namna ya kuitunza. Trekta lilipewa eka za kulima tu.

Sasa turudi kwenye maji, maana ndiyo yanayoamua maisha ya mkoa huu. Dodoma hupata wastani wa mvua wa milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki mito ni mchanga mtupu. Akina mama huchimba mashimo katika mchanga huo, wakayasubiri maji yajikusanye, wakayateka kwa kata. Ndipo kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, chenye pampu juu yake, kilipokuwa jambo kubwa kuliko barabara na kuliko zahanati. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu walihamishwa kutoka katika kaya zilizotawanyika na kukusanywa katika vijiji. Watu wengi na ng'ombe wengi mahali pamoja walihitaji maji mengi mahali pamoja. Mwaka huohuo Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, uliokusudia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi karibu na nyumba yake.

Mashine iliyobeba sehemu kubwa ya tumaini hilo ilikuwa injini ya dizeli ya Lister, ambayo mafundi wa vijijini waliiita Lista. Wasomaji waliofundisha katika shule za vijijini miaka ile wanaukumbuka mlio wake wa polepole, uliosikika kabla ya kengele ya asubuhi. Ilikuwa injini ya silinda moja au mbili, yenye magurudumu mazito ya chuma, ikizunguka mara 600 au 650 tu kwa dakika, nayo ikipozwa kwa maji ya pipa lililosimama kando yake. Haikuwa na betri wala waya. Mwendeshaji aliachia mgandamizo, akazungusha hendeli kwa mikono miwili mpaka gurudumu lishike kasi, kisha akarudisha mgandamizo, na injini ikakohoa na kuwaka. Kilichoweza kuiharibu kilijulikana: dizeli yenye maji, chujio lililoziba, oili iliyochakaa, mkanda uliokatika. Iliundwa Dursley, Uingereza, tangu mwaka 1930 hivi, ikaendelea kuundwa hadi 1987 bila kubadilishwa sana, na mafundi wa Rajkot nchini India wakaiiga, hata vipuri vyake vikapatikana kwa njia zaidi ya moja.

Jambo ambalo halikuandikwa katika mpango wowote ni kwamba injini hiyohiyo ndiyo iliyoendesha mashine za kusaga. Katika kata moja palikuwa na Lista ya kusukuma maji na Lista mbili au tatu za kusaga nafaka. Aliyejua kubadili ringi za moja alijua kubadili za zote. Fundi wa mashine ya unga alikuwa pia fundi wa pampu, ingawa serikali haikumlipa mshahara na jina lake halikuwa katika orodha ya idara yoyote. Huo ndio urahisi wenye thamani. Thamani yake haikutokana na uzee wa injini. Ilitokana na kuwapo kwa watu wengi katika eneo moja waliokuwa wameizoea.

Lakini anayeishia hapo, akasema basi turudishe Lista, anasimulia nusu ya habari. Injini nyingi zilikufa zikiwa nzima. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na kati ya hapo vikaja Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikawa haba. Dizeli ikawa ya kupangiwa, na kijiji kilichokuwa mwisho wa barabara kikawa pia mwisho wa orodha. Zaidi ya hayo, maji yalitolewa bure. Lilikuwa ni kusudi jema, lakini halikukiachia kijiji mfuko wa kununulia hata chujio. Mwananchi aliyemwona mwendeshaji amekaa kivulini kando ya injini isiyo na dizeli hakuweza kutofautisha mashine mbovu na mashine yenye njaa, na wala hakuwa na sababu ya kutofautisha, kwani ndoo yake ilikuwa tupu kwa namna ileile. Injini rahisi inayotegemea kitu kinachotoka nje ya nchi kila wiki si rahisi kama inavyoonekana.

Ndipo mashirika na wataalamu wakageukia pampu ya mkono. Katika miaka ya 1980 ilibuniwa pampu iitwayo Afridev, ambayo ilijaribiwa kwa kiasi kikubwa huko Kwale, pwani ya Kenya. Wazo lake lilistahili heshima: pampu inayofunguliwa kwa spana moja, ambayo wanawake wa kijiji wanaweza kuitoa, kubadili mpira wake na kuirudisha siku hiyohiyo. Katika nchi yenye maji ya karibu imefanya kazi kubwa. Uwanda wa kati una kikwazo ambacho nia njema haiwezi kukishinda. Afridev hufika kina cha mita 45 hivi, na sehemu nyingi za Dodoma na Singida maji yako chini zaidi ya hapo. Hata pale yanapofikika, kuinua maji kutoka kina cha mita 40 kwa mkono ni kazi ya jasho, na jasho hilo ni la mama na binti. Hapa urahisi wa mashine umenunuliwa kwa mgongo wa mtu. Mwalimu anayeona darasa lina wavulana wengi saa mbili asubuhi na wasichana wanaingia saa tatu wakiwa wamelowa mabega anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Likaja na tatizo la wafadhili. Kila mfadhili alipewa mikoa yake, na kila mmoja alikuja na pampu aliyoizoea. Wafini walipofanya kazi Mtwara na Lindi palikuwa na pampu za Nira. Kwingineko zikaja aina nyingine, na pengine za kutoka India. Kila moja kwa nafsi yake ilikuwa nzuri. Kwa pamoja zikawa ghala lisiloweza kujazwa, kwani mpira wa hii hauingii katika ile. Uhesabuji wa vituo vya maji vijijini uliofanywa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha kwamba karibu vituo vinne katika kila kumi havikuwa vinatoa maji. Katika vituo hivyo zimo mashine rahisi na zimo mashine ngumu.

Yafaa kuikumbuka idadi hiyo sasa, wakati mabadiliko mengine makubwa yanapoingia vijijini. Tangu mwaka 2019, sheria mpya ya maji ilipounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, kazi iliyokuwa imetawanyika katika halmashauri imewekwa chini ya chombo kimoja, na usimamizi wa kila siku uko mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Wakati huohuo bei ya paneli za jua ilianguka kwa takriban asilimia 90 katika miaka ya 2010. Kwa mkoa ambao jua lake halina likizo, hii ni bahati kubwa. Injini ya dizeli inaondolewa, paneli zinapandishwa juu ya vyuma, pampu inashushwa kisimani, na maji yanapanda tangini pasipo mtu kununua hata lita moja ya mafuta.

Wako wazee wa ufundi wanaozitazama paneli hizi kwa shaka, wakisema ni mambo ya kitaalamu mno kwa kijiji. Wanakosea. Paneli haina kinachozunguka, haina oili, haina chujio. Ikifutwa vumbi na kulindwa na mawe ya watoto, inafanya kazi kwa miaka mingi. Kwa kipimo cha idadi ya vitu vinavyoweza kuharibika, paneli ni rahisi kuliko Lista, na kwa kipimo cha kutegemea mafuta ya nje, ni rahisi mara dufu. Anayedhani kwamba kitu cha zamani ndicho rahisi na kitu kipya ndicho kigumu amechanganya umri na tabia.

Ugumu umejificha mahali pengine. Kati ya paneli na pampu kipo kisanduku kidogo, kidhibiti, kinachopokea umeme wa jua na kuugeuza uwe wa kufaa kwa pampu. Kisanduku hicho kimefungwa. Ndani yake hamna ringi wala mkanda, mna vijisahani vya elektroniki. Radi ikipiga karibu, au joto likizidi katika kibanda cha mabati, au sisimizi wakiingia, kinanyamaza, na taa yake inaonyesha nambari ambayo maana yake imo katika kitabu, na kitabu kiko ofisini wilayani, kama hakijaandikwa kwa Kichina. Fundi wa mashine ya kusaga, aliyekuwa akifufua Lista kwa spana na kipande cha ngozi, anasimama mbele ya kisanduku hicho mikono mitupu.

Hatua inayofuata ni mita za malipo ya kabla. Mwananchi anaijua LUKU ya umeme. Sasa katika vijiji kadhaa kunafungwa vituo vya maji vinavyofanana nayo, ambapo mtu huweka fedha kwa simu, hugusisha kadi au kifunguo kwenye bomba, na maji hutoka kwa kiasi alicholipia. Sababu zake ni za kweli na hazipaswi kubezwa. Kwa miaka mingi fedha za maji zimekusanywa katika daftari, na daftari limepotea. Mhasibu wa kamati ni jirani wa kila mtu. Kumnyima maji asiyelipa ni kuvunja ujirani, na kumpa ni kuvunja mfuko. Bomba linalojihesabu lenyewe linamwondolea mtu mzigo huo. Pale linapofanya kazi, chombo cha maji kinajua kila mwezi kina shilingi ngapi, na ndivyo inavyotakiwa.

Lakini na lifikiriwe bomba hilo siku linapokufa. Jua linawaka, paneli ni nzima, pampu ni nzima, tangi limejaa mpaka linamwagika, fedha zimo katika simu za watu. Foleni ya ndoo inafika barabarani. Mama mmoja anamwambia mwenyekiti wa kamati: "Baba, fungua basi, watoto wanakwenda shule." Naye anajibu, "Mama, sina cha kufungua. Nimepiga simu tangu jana." Hakuna koki, kwa sababu aliyechora bomba aliona koki ni mlango wa wizi. Maji yako hatua tatu kutoka kwenye ndoo, na yanayoyazuia ni mtambo uliowekwa ili yapatikane.

Huu si mfano wa kutungwa ili kuogofya. Ni jambo linalofuata moja kwa moja kutoka katika namna mtambo ulivyochorwa, na mtu yeyote anaweza kulibashiri akiisoma michoro yake. Katika mji hali ni tofauti. Visima vya Makutupora, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, vinaendeshwa kwa umeme na mitambo mikubwa, na hakuna anayetaka virudishwe kwenye hendeli, kwa sababu mafundi wako kazini na ghala liko karibu. Vivyo hivyo treni ya umeme iliyoanza kuja Dodoma mwaka 2024 ina ugumu wa kitaalamu unaozidi wa pampu zote za mkoa zikijumlishwa, nayo inakwenda, kwa kuwa ipo karakana, wapo watu walioajiriwa kuitazama usiku na mchana, na upo umeme uliojengewa njia yake. Kitu kigumu chenye fundi karibu kinaweza kutegemewa kuliko kitu rahisi kisicho na fundi. Ila kijiji kilichoko ndani ya Bahi au Chemba hakina karakana hiyo, na mvua zikinyesha katika mbuga za udongo mweusi, gari la wilaya linaweza kukwama siku kadhaa hata kama fundi ana nia.

Iko kasumba mbili katika ofisi, na zote hugharimu maji ya watu. Ya kwanza ni ile ya kuona kwamba chenye taa na kioo ndicho maendeleo. Mradi unaozinduliwa kwa mita za simu hupigwa picha. Mradi unaozinduliwa ukiwa na rafu ya vipuri haupigwi. Ya pili ni ile ya kusema mwanakijiji apewe kitu duni kwa sababu yeye ni mwanakijiji. Hiyo imevaa nguo za huruma, lakini ndani yake mna dharau. Kijana wa Mpwapwa anayetengeneza simu sokoni kwa kifaa cha kuunguza risasi na kioo cha kukuzia ana mikono na akili za kutengeneza kidhibiti cha pampu. Kinachomzuia ni kwamba kisanduku kimefungwa kwa gundi, mchoro wake haukutolewa, na mkataba unasema akikigusa dhamana imekufa. Ugumu wa namna hiyo umewekwa na muuzaji, kwa faida yake, na mnunuzi amekubali pasipo kuuliza.

Kuuliza huko ndiko kuliko ndani ya uwezo wa watumishi wa umma, na hapahitaji sera mpya. Anayeandika zabuni ya pampu anaweza kudai kwamba kila kituo cha malipo ya kabla kiwe na njia ya pembeni yenye koki ya kawaida, iliyofungwa kwa kufuli, ufunguo ukiwa kwa kamati na matumizi yake yakiandikwa daftarini. Gharama yake ni kipande cha bomba. Anaweza kudai michoro itolewe kwa Kiswahili. Anaweza kudai kidhibiti cha akiba kikae wilayani tangu siku ya kwanza, kikiwa kimelipiwa ndani ya bei ya mradi. Zaidi ya yote, anaweza kukataa aina ya sita ya pampu pale wilaya ilipo na aina tano tayari, hata kama hiyo ya sita ni bora kuliko zote na mfadhili anaitoa bure. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa maana mtu anayekataa zawadi huonekana hana shukrani. Lakini wilaya yenye aina moja au mbili za pampu inaweza kujaza rafu moja ya vipuri na kumfundisha fundi mara moja. Fundi huyo akihamia kata nyingine, ujuzi wake unahama naye. Lista iliishi vijijini kwa njia hiyo, na hakuna sababu kwa nini pampu ya jua isiishi hivyo.

Walimu nao wana sehemu yao, na si ile ya kuhutubia. Katika vijiji vingi mwalimu ndiye katibu wa kamati ya maji au mshauri wake, kwa kuwa anajua kuandika barua na kusoma mkataba. Darasani anafundisha umeme kwa mchoro wa betri na balbu ubaoni, ilhali mita mia tatu kutoka darasani upo mtambo wa jua wenye kila kitu kilichomo katika mtaala, ukiwa ndani ya uzio wenye kufuli, na wanafunzi hawajawahi kuonyeshwa kilichomo. Wizara ikisubiri vifaa vya maabara, kijiji tayari kina maabara moja. Watoto wanaojua kwamba volti zikishuka asubuhi yenye mawingu pampu huchelewa kuanza, na kwamba nambari fulani katika kidhibiti maana yake kisima kimekauka na si kwamba mashine imekufa, hao watakuwa wamekiokolea kijiji safari nyingi za kumfuata fundi. Chuo cha ufundi nacho kingeweza kuwapokea wawili watatu kila mwaka kwa masomo mafupi ya pampu, wanawake wakiwemo. Sababu ya kutaja wanawake ni ya kawaida kabisa: kijana wa kiume akishapata cheti huondoka kwenda mjini, na mama mwenye shamba na watoto hubaki karibu na kisima.

Itasemwa kwamba haya yote yataongeza bei ya mradi, na kwamba kwa fedha hizo vingechimbwa visima zaidi. Ni hoja nzito mbele ya diwani ambaye vijiji vyake vitatu havina kisima hata kimoja. Jibu lake liko katika ile idadi ya vituo vinne katika kila kumi. Kisima kilichokufa huhesabiwa katika taarifa kama kisima, hivyo kijiji chake hushuka katika orodha ya vijiji vinavyosubiri, na hapo hukaa miaka mingi kikiwa na pampu na bila maji. Mwenyekiti wake akienda wilayani kuomba, huonyeshwa karatasi isemayo kwamba tayari amehudumiwa.

Mvua za mwanzo huanguka Dodoma mwezi Desemba, na pamoja nazo radi. Vidhibiti vingi vitakuwa vibandani mwao wakati huo, baadhi vikiwa na kinga ya radi na baadhi havina, kwa kadiri ilivyoandikwa katika zabuni zilizokwisha kutiwa saini. Zile ambazo hazijatiwa saini zingali mezani.